Mama Mkwe na Theluji ya Mei

Watu wa Denver hawapandi nyanya kabla ya Siku ya Mama, yaani Jumapili ya pili ya Mei, na waliokwisha kuumwa na nyoka husubiri wiki mbili tatu mbele. Jua linawaka, miti imeshachanua, vijana wako na kaptula, maduka yamejaza miche hadi nje ya milango, na bado mzee wa jirani anakushika bega: ngoja kwanza. Mama mkwe wangu, aliyetoka Tanga kuja kumsaidia binti yake uzazi, hakungoja. Aliona udongo, akaona jua, akapanda nyanya na bilinganya na tuta zima la mchicha. Habari za kungoja nilikuwa nimezisikia, lakini nani amwambie mkwewe "ngoja"? Unasema, "Hongera, Mama, kazi nzuri," halafu unakwenda kufungua bomba.

Na ana haki ya kutoelewa. Tanga mwezi wa Mei ni masika. Kusi linavuma, mvua inanyesha, na anayelalamika baridi anaongeza khanga ya pili. Hapa Mei haina msimamo. Mwaka 2022, tarehe 19, Denver ilipata joto la zaidi ya nyuzi 30. Kesho yake jioni ilianza theluji nzito yenye maji, ikakalia miti iliyokuwa na majani mapya, matawi yakavunjika na umeme ukakatika. Hadithi hiyo nimeisimulia nyumbani mara nyingi. Mama mkwe hunisikiliza kwa adabu, kisha humgeukia binti yake: "Mumeo mtu wa Moshi, theluji ni ya kwao." Ndiyo, ni ya kwetu. Tunaitazama Kibo kwa mbali, tukiwa na mashati ya mikono mifupi.

Safari ya mlimani ilikuwa wazo la shemeji. Jumatatu ya mwisho ya Mei Wamarekani huwakumbuka wanajeshi wao waliokufa vitani, na tangu hapo huhesabu kwamba kiangazi kimefunguliwa. Sisi Watanzania huwa tunachoma nyama. Shemeji akasema safari hii tusichomee bustani za mjini. Twende Dillon, kando ya ziwa, Mama akaone nchi. Utabiri wa hewa ulishasema mchana kutapita hewa baridi yenye upepo mkali, na theluji sehemu za juu. "Theluji Mei? Wanatutisha hao," akasema, akapakia jiko. Mke wangu alibaki na mtoto. Pigo la kwanza la siku lilikuwa hilo, ila hakuna aliyelitambua, kwa sababu mimi na mama yake huongea kupitia kwake. Kiyoyozi kikimzidi Mama, anamwambia binti yake, binti ananiambia mimi, mimi nakipunguza. Sasa tulikuwa tumeacha daraja nyumbani.

Barabara ya 70 inaanza kupanda mara tu ukiutoka mji. Denver yenyewe iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Handaki la Eisenhower, lililotobolewa chini ya mgongo wa milima, liko karibu mita 3,400. Kabla ya kulifikia unapita vibao vya sheria ya mataili: kuanzia Septemba hadi tarehe 31 Mei, kila gari kwenye kipande hicho liwe na mataili ya kuhimili theluji, au libebe minyororo. Nilimsomea shemeji kwa sauti. Serikali ya jimbo, yenye wataalamu na kompyuta, inaihesabu Mei yote kuwa bado. Yeye akaongeza sauti ya taarab.

Dillon tulikuta jua. Ziwa ni la kutengenezwa. Bwawa lilikamilika mwaka 1963, na mji mzima ulihamishwa kupisha maji yanayokwenda kunywewa Denver. Upepo ulikuwa ukitoka kusini-magharibi, mkavu, wa uvuguvugu, wenye papara kidogo. Mama akakunjua mkeka upande wa upepo, akaketi na baibui lake, mtandio wa khanga kichwani, kandambili miguuni, akaanza kupika pilau.

Pilau iligoma. Mita 2,750 juu, hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 91 tu, yakitoa mapovu mengi bila kuivisha kitu. Mchele ukabaki na kiini. Mama akalaumu mkaa, akalaumu sufuria, akauliza mchele ule ulinunuliwa na nani. Sababu niliijua, na ningeweza kuieleza kwa namba. Nikasema, "Labda tuongeze maji kidogo, Mama," na nikatazamwa.

Hapo ndipo upepo ulipokata, ghafla, hata moshi wa jiko ukasimama wima. Kwa upande wa kaskazini-magharibi vilele vilikuwa vimeshaanza kupotea.

Kinachotokea saa kama hiyo ni rahisi kueleza ukiwa umekaa kwenye kochi. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto. Ikija haipandi, inajipenyeza chini chini, inaichota ile ya joto na kuirusha juu, na ile ikifika juu inapoa, mvuke wake unageuka mawingu, kisha theluji. Mlima nao unasaidia kusukuma. Ule mpaka wa hewa mbili ukikupitia, upepo hubadili upande na kuongeza nguvu kwa pamoja. Kwenye mkeka, elimu yote hii inakufikia kwa mkupuo mmoja, na inaanza na kachumbari.

Kachumbari ilikwenda, bakuli na yote. Zikafuata sahani za karatasi, kisha foili iliyofunika mishikaki, iking'aa kuelekea ziwani. Cheche zikaanza kuruka; shemeji akamwagia jiko chai nzima ya tangawizi, jambo la pekee la maana alilofanya siku ile. Vipunje vyeupe vikatupiga usoni, vikavu, vikidunda kwenye mkeka. Mama akaviokota viwili akavichunguza kiganjani. Hakupata muda wa kuvichunguza sana, maana dakika chache baadaye ilikuja theluji yenyewe, na haikushuka. Ilipita kwa ubavu.

Ikachukua mtandio.

Hali ya hewa ya milimani haina adabu za ukwe. Mimi ninazo, na nililelewa nazo: mama mkwe akiwa kichwa wazi, humtazami. Lakini khanga inapaa, shemeji yuko na jiko, na mtu mwenye miguu ni mimi. Nikaikimbilia kinyumenyume kwanza, uso nimeugeuzia ziwani, hadi nilipogonga meza ya mbao ya watu wengine. Nikaomba radhi kwa Kiswahili. Nilipogeuka, khanga ilikuwa imefika kwenye njia ya wapita kwa miguu, imeshuka taratibu, na kumfunika mbwa.

Alikuwa mbwa mkubwa wa manjano aliyetoka kuoga ziwani, ametota. Mwenyewe, bwana mmoja wa makamo mwenye kaptula na ndala, theluji ikimjaa kwenye nywele za miguu, aliifunua, akaikung'uta, akanikabidhi. "Siku nzuri," akasema, na wala hakuwa na kejeli. Watu wa huku ndivyo walivyo. Wakitikisa kichwa kwa sababu ya hewa, ujue mji umefungwa.

Nilirudi na khanga. Mama aliipokea kwa ncha ya vidole viwili.

"Amelamba?"

"Sijui, Mama."

"Alikuwa mkavu?"

Ningetoa mshahara wa mwezi ili binti yake awepo pale ajibu. "Alikuwa ametoka majini, Mama."

Kwa watu wa Pwani wa madhehebu ya Shafii hakuna mjadala: kilichoguswa na mbwa kwa majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Khanga ikafungwa kwenye mfuko wa plastiki. Baridi ya karibu na sifuri, theluji inavuka mkeka, na mama wa watu hana cha kichwani. Ndipo shemeji akavua sweta lake lenye kofia, la rangi ya machungwa, la timu ya Denver Broncos, lenye kichwa cha farasi kifuani. Mama alilivaa juu ya baibui, akakaza kamba za kofia hadi likabaki tundu la macho na pua, akaenda kukaa garini bila kusema neno. Njia nzima ya kurudi, foleni ikitambaa kuelekea handakini na waipa zikilia, nilikuwa nikimwona kwenye kioo: farasi, na juu yake macho.

Upande wa pili wa milima tulitarajia nafuu. Hakuna. Baridi ilikuwa imezunguka kwenye tambarare na sasa upepo wa kaskazini-mashariki uliisukuma irudi kuupanda mlima, na Denver iko kwenye miguu ya ngazi hiyo. Tulifika nyumbani, nyanya zimeshainama chini ya theluji. Majirani wote walikuwa wamefunika za kwao kwa ndoo na mashuka. Mke wangu alikuwa na mtoto kifuani na shuka hakuwa nalo mkononi.

Kesho yake saa sita mchana theluji yote ilikuwa imeyeyuka na watu wamerudi kwenye kaptula. Mchicha ulikuwa umekuwa mweusi. Mama alichota udongo katikati ya tuta, akaiosha khanga yake mara saba, akaianika, kisha akapiga simu Tanga. Theluji aliitaja kwa sentensi moja. Mbwa alichukua muda uliobaki. Shemeji alipita jioni kufuata sweta lake, akapendekeza turudi Dillon mwezi wa Julai, hewa ikiwa imetulia.

Mama alifikiri kidogo. "Na yule mbwa," akamwuliza binti yake, "mwulize mumeo, atakuwepo?"