Jinsi ya Kufuga Vimelea Sugu Kinywani

Sogea karibu, rafiki yangu, nikupe siri. Mtaji wake ni mdogo: ufizi unaotoka damu, na haya ya kufungua kinywa mbele ya daktari.

1. Ukiona damu kwenye mswaki, acha kupiga mswaki. Ukoga utabaki kwenye shina la jino, utakauka uwe ugaga, na chini ya ufizi watakaa bakteria wasiopenda hewa, kama Prevotella na Porphyromonas gingivalis. Kinywa kikianza kunuka, tafuna bigijii na ucheke umefunga midomo.

2. Usikanyage kwa daktari wa meno. Hapa Mtwara, toka Shangani mpaka Hospitali ya Ligula si mbali, ndiyo maana nakutahadharisha mapema. Pale wanaweza kukukwangua ugaga, na ugaga ukitoka mpango wetu umekufa. Fizi nyingi hupona kwa kukwanguliwa ugaga pamoja na kupiga mswaki kila siku, bila kidonge hata kimoja.

3. Sasa nenda duka la dawa. Simama kama mtu anayejua: "Dada, nipe amoksilini za jero." Akikuuliza unaumwa nini, hama. Maduka ya dawa muhimu yalianzia kwa jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, na watoa dawa wake hufunzwa kazi, kwa hiyo unaweza kumkuta mwenye msimamo. Zunguka mpaka umpate anayetaka jero yako tu.

4. Meza mpaka maumivu yatulie, kisha acha. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Dozi pungufu huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wagumu. Baadhi ya Prevotella hutoa kimeng'enya kinachovunja amoksilini kabla haijawafikia, na kimeng'enya hicho huwakinga hata majirani zao. Tena ndani ya ukoga bakteria hupeana vinasaba vya usugu, wa aina moja kwa wa aina nyingine. Dawa yenyewe hupenya kwa shida kwenye utando huo, ndiyo maana kidonge bila kukwangua hakifiki mbali.

5. Vidonge vilivyobaki mpe shemeji anayekohoa.

6. Fizi zikivimba tena, na zitavimba, panda daraja la antibiotiki: Flagyl, kisha azuma. Wenzetu wa Ulaya walishaonyesha matokeo. Watafiti walipolinganisha wagonjwa wa fizi wa Uhispania na wa Uholanzi, usugu ulikuwa mkubwa zaidi Uhispania, nchi inayotumia antibiotiki kwa wingi kuliko Uholanzi.

Nimezitaja hatua hizi moja moja kwa sababu ndizo tunazopita, wazee kwa vijana, na zinaniuma. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani. Amoksilini hiyohiyo unayoichezea kwa ajili ya ufizi ndiyo anayopewa mtoto mwenye nimonia katika zahanati zetu.

Basi ukiona damu kwenye mswaki, endelea kupiga mswaki taratibu, asubuhi na usiku, kisha nenda ukakwanguliwe. Ukiandikiwa dawa, meza kama ulivyoelekezwa. Na shemeji akikohoa, mpeleke zahanati.