Joho la Mbunifu, Nyundo ya Fundi

Hongera, mwanetu wa Vurra, mpakani mwa Uganda na Kongo! Umesafiri karibu kilomita 500 hadi Kampala kusomea ubunifu wa bidhaa za viwandani. Vyuo vipo: Makerere wana skuli ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, mama aliyeanza kufundisha hapo miaka ya 1930, na Kyambogo wana idara yao. Huko umefundishwa kumheshimu kiumbe mmoja adhimu, "mtumiaji". Humgusi kabla hujamhoji, hujamjazisha hojaji na hujamchorea jiko la mkaa kwenye kompyuta, pande zote, na kivuli chake.

Fundi wa Arua, mji jirani na kwenu Vurra, hana hojaji. Anafua sigiri kwa bati chakavu, anaiuza asubuhi, na ikiyumba, mtumiaji mwenyewe anairudisha kabla ya chakula cha mchana, akiwa na maoni ya kina na sauti ya kutosha soko zima. Utafiti umekamilika. Lakini huyo, tunaambiwa, hakusoma.

Msomi wetu amerudi na joho, anasubiri kiwanda. Malori yanapanga foleni forodhani Vurra yakielekea Kongo, yamejaa vitu ambavyo kila kimoja kilichorwa na mtu fulani mahali fulani. Yeye anachora kadi za harusi, na uchaguzi ukikaribia, mabango ya wagombea.

Tusimcheke sana fundi asiye na shahada. Msimu wa mitihani ndiye anayeitwa usiku kulehemu miradi ya wanafunzi. Alama za juu, bila shaka, ni za aliyechora kivuli.