Mjomba Atia Sahihi

Mwajiri wa mke wangu alinunua meza nzima kwenye chakula cha jioni cha hisani pale Fort Worth, Texas, na viti viwili vikakosa watu. Ndivyo mimi na Mjomba, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, tulivyojikuta tumevaa tai, tunakata steki kubwa kama kandambili katikati ya makwotabeki.

Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi, akaamua aurushe, aukabidhi au akimbie nao. Uwanjani wapo 11, lakini sifa, lawama na mshahara mnono ni vyake. Fort Worth ina sababu ya kuwaenzi. Davey O'Brien wa chuo kikuu cha TCU, mjini hapo hapo, alitwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1938 na timu yake ikawa bingwa wa taifa, naye alikuwa na futi 5 na inchi 7 tu! Alicheza misimu miwili Philadelphia, akaacha, akawa mpelelezi wa FBI. Tangu 1981 kwotabeki bora wa vyuo hupewa tuzo yenye jina lake. Hafla yetu ilikuwa ndogo kuliko ya tuzo hiyo, ya kuchangia ada za wanafunzi, lakini habari za O'Brien hazikukosekana mezani. Nilipomtafsiria Mjomba, mpira haukumgusa.

“Aliacha kucheza akaajiriwa serikalini? Huyo alilelewa.”

Kando ya ukumbi kulikuwa na mnada wa kimya: jezi, mipira, helmeti zenye saini. Mbele ya kila kitu karatasi ya mistari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Sasa, mtu aliyestaafu ukarani wa halmashauri akiona karatasi ya mistari na kalamu yenye uzi, nani wa kumweleza? Hicho ni kitabu cha wageni. Mimi nilikuwa nimefuata juisi.

Akajaza kwa mwandiko wake uliolala upande. Jina kamili, kuanzia Alhaji. Safu ya pili, sanduku la posta: 1950. Aliyemtangulia alikuwa ameandika 400, na Mjomba aliniambia baadaye kwamba alishangaa mji mkubwa vile kuwa na masanduku machache.

Baada ya keki mshereheshaji akatangaza kuwa helmeti imekwenda kwa dola 1,950, akalitafuna jina la Mjomba likabaki nusu. Ukumbi mzima makofi. Mjomba akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti, akaelekea jukwaani. Akashika maikrofoni, akatoa salamu za Muheza, akashukuru kwa mapokezi, akawausia vijana wa mpira wasiache shule. Yote kwa Kiswahili. Mimi nikisimama pembeni kutafsiri, nikaruka kwa makusudi pale alipoahidi kuwaletea machungwa.

Nilimnong'oneza mwandaaji habari ya sanduku la posta. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Bibi mmoja wa meza ya jirani, ndiye mwenye ile 400, akasema helmeti ataichukua yeye, kwa bei ile ile ya Mjomba, maana ada za watoto ni ada za watoto.

Mjomba amesharudi Muheza. Wiki iliyopita kanipigia: anataka kumwandikia yule bibi barua ya shukrani, ila hana hakika kama S.L.P. 400, Fort Worth, inatosha.