Shuka, Halafu Panda

Kiswahili hakimhurumii mgeni wa Iringa. Kiambishi cha mahali cha nomino zetu ni kimoja tu, -ni, nacho hakijishughulishi na safari za watu: niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni. Majina ya miji hayapewi hata hicho. Kazi yote imeachiwa kitenzi. Wakorea ni waangalifu zaidi: jina la mahali huongezewa -e ukipaendea, -eseo ukipatoka, na -ro ukielekea upande huo tu bila kuahidi kufika. Hiyo ya tatu ingewafaa sana wapiga debe wa Mbeya wanaoita "Tukuyu! Tukuyu!" ilhali gari linaishia Uyole, njia panda ya kwenda Tukuyu.

Tena vitenzi vyenyewe vina kazi mbilimbili. Kushuka ni kutoka garini, na ni kuteremka. Kupanda ni kuingia garini, na ni kukwea. Dar, kwenye tambarare, hilo halimsumbui mtu. Iringa mjini iko kilimani, na barabara kuu ya kutoka Mbeya inapita bondeni, Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo.

Binamu yangu wa Dar alipiga simu akitokea Mbeya, basi limeshapita Mafinga.

"Shikamoo shangazi. Nishukie wapi?"

"Marahaba baba," mama akamjibu. "Shuka Ipogolo, halafu panda mpaka mjini, Miyomboni."

Akashuka. Akatazama juu, akauona mlima. Akajitwika kiroba cha mchele wa Kyela, zawadi ya shangazi, begi mkononi, akaanza kupanda. Daladala zikawa zinampita, makonda wakining'inia mlangoni: "Mjini, mjini, kaka!" Naye akawa anawapungia kwa adabu, kwamba asanteni, ameshaelekezwa.

Alipofika, shati lingeweza kukamuliwa.

"Panda gari, baba! Nani kakutuma upande mlima?"

Mzee wetu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akasema kisarufi kijana hajakosea. Mama akamtazama. Mzee akarudi kwenye gazeti lake.

Kesho yake binamu akataka kuliona jiwe la Gangilonga. Mama, safari hii kwa uangalifu mkubwa, akamwambia anyooshe na barabara, na akifika kwenye jiwe, apande.

Tulimkuta chini ya jiwe, kasimama kando ya njia, nauli mkononi, anasubiri daladala.