Mbwa Anyolewe, Lakini Si Sana

Mtu wa pwani akianza Kihispania huingiwa na kiburi mapema mno. Irabu ni zetu zilezile tano, hazina ujanja. Ile ñ ni ny ya nyanya. Ile j inayowakaba Waingereza kooni ni kh ya Khamis, na th wanayoitia watu wa Madrid kwenye gracias sisi tunayo tangu chuoni, kwenye thawabu. Waarabu nao walipita kwao na kwetu: azúcar ni sukari, hasta na hata yetu ni baba mmoja, na ojalá, wanayoitumia kwa kutaraji jema, ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake. Mimi ni wa Tanga, naishi Nyamirambo, Kigali. Programu ya simu iliponisomea maneno ya kwanza nilimwambia mke wangu kwamba lugha hii nilikuwa nayo siku zote, ila nilikuwa sijaambiwa.

Alinitazama, akaendelea kuchagua mchele.

Ubaya wa matamshi mazuri ni kwamba yanawadanganya wenye lugha. Mwenye lafudhi mbovu huonewa huruma, huambiwa jambo polepole na kwa ishara. Ukitamka buenos días kama uliyezaliwa Seville, unajibiwa kwa kasi ya Seville. Na akiba yangu karibu yote ilikuwa mbwa, paka, tufaha, na taarifa kwamba mbwa anakunywa maziwa. Sijui kwa nini programu hizi hudhani msafiri ataanza na mambo ya mbwa.

Haraka yangu ya kujifunza ilitokana na baiskeli. Tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Shule zilifungwa, barabara kadhaa zikafungwa, motari, wale wa pikipiki za abiria, wakawa watazamaji kama sisi, na watu wakajipanga kwenye mlima wa mawe wa Kimihurura kuwashangilia wageni wanaohema. Jumamosi ya tarehe 27 Mhispania, Paula Ostiz, alichukua ubingwa wa wasichana chipukizi. Alasiri ile wenzake wa bendera ya rangi nyekundu na manjano walikuwa wameenea mjini kwa furaha, na mmoja akaingia saluni nilimokuwa nangojea zamu yangu.

“Karibu kaka, karibu,” alisema kinyozi.

Mgeni akasimama. Akainua mguu wa kulia, akakagua soli, kisha wa kushoto. Caca, kwao, ni kile kinachosafishwa kwenye nepi ya mtoto. Hilo nalijua leo. Siku ile nilidhani anafuta viatu kwa adabu, nikampenda.

Nikamsalimu. Vizuri sana, kwa bahati mbaya. Akafurahi, akanigeukia mimi badala ya kinyozi, akasema: “Quiero cortarme el pelo, pero no mucho.”

Hapa lazima niwalaumu majirani zangu kidogo. Miaka ya Kigali imenibadilisha masikio. Hapa l na r ni ndugu wanaoazimana mashati: jirani akisema mtoto “amerara”, ujue amelala. Julai 2024, wakati wa uchaguzi, mmoja aliniaga kwamba anakwenda “kupiga kula”, nikamtakia shibe njema. Tangu hapo kila nisikiapo l naigeuza r kwanza, ndipo nafikiri. Kwa hiyo pelo, nywele, ilipoingia kichwani mwangu ikawa perro, mbwa. Na pero, ambayo ni “lakini” tu, ikawa mbwa wa pili.

“Anasemaje?” akauliza kinyozi.

“Ana mbwa. Anataka akatwe.”

“Akatwe nini?”

“Sijui. Ila si sana.”

Kinyozi akachungulia nje ya mlango, akatazama juu na chini ya barabara. “Mwambie hapa tunanyoa watu. Tena mbwa mwenyewe yuko wapi?” Wateja wawili kwenye benchi wakaanza kujadili kama mbwa ananyolewa kwa mashine namba mbili au mkasi. Mgeni, ambaye hakuwa na mbwa wala haja ya mbwa, akaketi kitini akashika nywele zake. Likaisha kwa mkono mmoja jambo ambalo mimi na lafudhi yangu tulilishindwa.

Nywele zikapungua vizuri. Kinyozi akagusa ndevu za mgeni, akamuuliza bila kunipitia mimi, na sikumlaumu: “Hizi si leo?”

“¿Sí?” akauliza mgeni.

“Si,” akathibitisha kinyozi.

“Sí, sí,” akakubali mgeni, akaegemea nyuma, akainua kidevu, akafumba macho.

Walielewana kabisa, kila mtu na lake: kwao sí ni ndiyo. Kinyozi akaweka mashine, akanong’ona kwamba maskini kalala, safari ya mbali, akamwita mteja wa kiti cha pili. Mgeni akabaki na shingo juu akingojea wembe. Mimi nilikuwa na maneno matatu ya kumzindua, yote ya wanyama na matunda, nikaona heri ninyamaze.

Alipofumbua macho mwenyewe alijipapasa ndevu, akacheka, akalipa faranga 2,000, akatoka salama. Kinyozi akaniomba nimwandikie bei ukutani kwa Kihispania, maana Jumapili watakuja wengine. Nikamwandikia kwa tarakimu.