Kanzu ya Waridi

Wako mabwana wanaoamini kufua ni kazi isiyohitaji akili, na imani hiyo hudumu hadi mama watoto asafiri. Hapo bwana huichukua kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, yenye darizi ya hariri kifuani, akairoweka beseni moja na kanga nyekundu mpya ambayo haijaonja maji. Kanga mpya huachia rangi. Mtoto wa darasa la tatu analijua hilo. Maji yakawa juisi ya choya.

Kuisuuza papo hapo, rangi ikiwa bado mbichi, kungesaidia. Mtaalamu wetu akamimina jiki, tena bila kuizimua, maana dawa kali ndiyo dawa! Pamba huvumilia kiasi. Hariri haina mjadala na klorini: nyuzi huliwa hadi zikayeyuka. Uwaridi ukabaki madoa madoa, darizi ikaenda na maji.

Lawama zikagawiwa: sabuni, muuza kanga, maji ya bomba. Yeye hakubakiziwa hata kipande.

Ijumaa alionekana msikitini na shati, akidai kanzu iko kwa fundi. Alipoulizwa fundi yupi, akakumbuka kuna simu hajaipiga.