Namna ya Kula kwa Brashi Bukoba Bila Kumngoja Mtalii

Umekuwa ukichora migomba pembeni mwa daftari la hesabu tangu darasa la tatu. Mwongozo huu ni wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa mtu anayetaka rangi za maji zimlipie kodi ya chumba, ada ya mtoto na mkungu wa ndizi wa kila wiki. Una hatua nane. Ukiziruka, brashi itakulisha sifa, na sifa hazijai sufuria. Ukizifuata kwa zamu, utaitwa fundi, na fundi hulipwa.

Hatua ya 1: Acha kumngoja Mzungu

Wachoraji wengi nchini wamekua wakiamini kwamba mnunuzi wa picha ni mgeni mwenye kofia pana na kamera kifuani. Imani hiyo ina chanzo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya vipande vya silingibodi, wageni wa Oysterbay walikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaendeleza soko lile kwa sababu wageni hawakukoma kupita Dar, Arusha na Zanzibar.

Bukoba haiko kwenye njia hiyo. Ukikaa ufukweni na picha zako ukimngoja mtalii, nywele za brashi zitaota mvi kabla yako. Mnunuzi wako unamfahamu tayari: ni Mhaya aliyeko Dar, Mwanza, Kampala au Uingereza, anayejenga kijijini, anayezika wazee wake kibanjani na kurudi nyumbani Desemba. Sebule yake ina ukuta mpya wenye saa ya duara na kalenda ya mwaka juzi. Ukuta ule ndio soko lako.

Hatua ya 2: Anza na kahawa

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya maji, utatoka na ndoo ya lita ishirini ya kupaka nyumba. Kisanduku cha rangi za mchoraji huagizwa kutoka miji mikubwa, na bei yake humkatisha tamaa anayeanza. Usikate tamaa. Kagera ina rangi yake, na kiwanda chake kiko hapahapa Bukoba: kahawa ya TANICA.

Chukua kijiko kimoja cha kahawa hiyo ya kopo, koroga na vijiko viwili vya maji ya moto. Utapata wino mzito unaokaribia weusi. Chota kidogo uweke kwenye kisosi, ongeza maji, upate rangi ya chai ya rangi. Chota tena, ongeza maji zaidi, upate rangi ya mchanga mkavu. Sasa una vivuli vitatu kutoka kikombe kimoja. Paka kwanza ule mwepesi, acha ukauke kabisa, kisha upake juu yake ule wa kati, na mwisho kabisa ule mzito kwenye nyufa, chini ya paa na ndani ya mlango. Kwa mazoezi hayo utakuwa umejifunza kanuni kuu ya rangi za maji: giza hujengwa tabaka kwa tabaka, na mwanga ni karatasi uliyoiacha wazi. Ukishaifunika sehemu ya mwanga, kuirudisha ni kazi ngumu, kwa hiyo panga pa kuacha kabla hujalowesha brashi.

Mwambie mteja ukweli wote: picha ya kahawa hupauka ikipigwa na jua, basi ikae nyuma ya kioo, mbali na dirisha. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi, tena huja na shemeji yake.

Hatua ya 3: Patana na karatasi, patana na mvua

Karatasi ya A4 ya mashine ya fotokopi ikilowa hujikunja kama chapati iliyosahaulika jikoni. Tafuta karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ikiwezekana ya pamba. Si kila steshenari inayo, kwa hiyo changeni wachoraji watatu au wanne, muagize kwa pamoja, mzigo uje na basi. Karatasi moja kubwa igawe vipande vinne au vinane, maana mwanafunzi anayeanza na karatasi kubwa humaliza mtaji kabla ya kumaliza picha. Kila kipande kibane kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi pande zote nne, ndipo uloweshe.

Mvua nayo ina mambo yake. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa ya ziwa huchelewesha rangi kukauka. Tumia ucheleweshaji huo. Mawingu yanayoshuka juu ya kisiwa cha Musira asubuhi huchorwa kwa rangi mbichi juu ya karatasi mbichi, na hapa utapata muda wa kutosha wa kuyasukuma kwa brashi mpaka yakae vizuri. Kwa kazi ya mistari mikali, kama mapaa na mitumbwi, subiri jua la mchana. Usikaushe picha juu ya jiko la mkaa, maana masizi hayana adabu. Na picha zilizokwisha zikae kwenye boksi kavu juu ya kabati. Chini ya kitanda zitaota ukungu.

Hatua ya 4: Chora kwao mtu

Simba wa Serengeti wana wachoraji wao. Wewe chora kitu ambacho mteja akikiona atanyamaza, kisha aseme jina la mtu.

Mwaka 1862 Mskoti James Augustus Grant alikaa Karagwe miezi kadhaa akiuguza mguu, mgeni wa Mfalme Rumanika, huku mwenzake John Hanning Speke akiwa ametangulia Buganda. Katika msafara ule Grant alichora kwa rangi za maji watu, mimea na maisha aliyoyaona njiani, na michoro yake imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Mgeni mwenye kidonda aliona ya kwetu yanafaa kuchorwa. Wewe mwenyeji mwenye miguu mizima, toka nje.

Sam Ntiro wa Machame naye alichora watu wa kwao. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko katika jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Kama pombe ya ndizi ya Kilimanjaro ilifika New York, rubisi yetu ya ndizi ya Kamachumu haishindwi kufika sebuleni Mbezi, Dar.

Basi chora msonge, ile nyumba ya mviringo ya nyasi ya wazee wetu. Chora wavuvi wa dagaa wa visiwa vya Muleba, Bumbire na Ikuza, na taa zao juu ya maji meusi. Chora meli ikiingia Kemondo. Novemba ikifika, chora mitego ya senene: mabati yaliyosimamishwa, taa kali, mapipa, na watoto waliogoma kulala.

Lakini kazi yenye heshima kuliko zote ni ile ya nyumba iliyoondoka. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi Bukoba na vijiji vyake. Ziko familia ambazo nyumba ya babu imebaki kwenye picha moja ya simu, yenye kidole cha mpigapicha pembeni. Ukiombwa kuichora, usikimbilie brashi. Kaa na wazee uulize. Mlango ulitazama upande gani? Mibuni ilianzia wapi? Ule mti wa lubugo, wa nguo za magome, ulikuwa kushoto au kulia kwa njia? Kaburi la bibi liko wapi? Nani alizoea kukaa barazani, na alikaa juu ya nini? Wazee watabishana, na ubishi wao ni ramani yako. Picha itakayotoka hapo haipatikani dukani, wala hakuna atakayeomba punguzo mbele ya mama yake anayeitazama.

Hatua ya 5: Taja bei bila kutazama chini

Andika gharama kwenye daftari kabla hujataja chochote. Tuseme karatasi 4,000, rangi 1,000, fremu na kioo kwa fundi 15,000, nauli 2,000, na saa nne za kazi yako kwa 5,000 kila saa. Jumla ni shilingi 42,000. Chini ya hapo unamlipa mteja ili achukue picha.

Sasa jiandae.

"Mwanangu, hiki si kikaratasi tu?"

"Shikamoo mama. Ni karatasi ya pamba, gramu mia tatu. Ukiiweka mbali na jua, mjukuu wako ataikuta."

"Marahaba. Elfu ishirini basi, tumalizane."

"Kwa elfu ishirini, mama, nina hii ndogo isiyo na fremu. Hii kubwa ni elfu arobaini na mbili."

Kisha nyamaza. Kunyamaza ni sehemu ya biashara. Ukijaza kimya kile kwa maneno, utajikuta umepunguza mwenyewe bila kuombwa. Akija nshomile, yaani msomi wa Kihaya, anayetaka kujua umesomea wapi, usinune. Mweleze aina ya karatasi, idadi ya tabaka na sababu ya kuacha kona ile nyeupe. Anayependa elimu hulipia elimu, mradi aione.

Hatua ya 6: Nusu mkononi kwanza

Kazi ya kuagizwa isianze kabla nusu ya fedha haijaingia kwenye simu yako. Sema hivyo kwa upole, hata kwa binamu. Hasa kwa binamu. Na mteja bora kuliko mtu mmoja ni kamati: kamati ya harusi, ya kipaimara, ya jubilei ya padre au sista. Kamati ina bajeti, ina mweka hazina na ina tarehe isiyosogea. Nenda mapema, kabla hawajaamua kununua saa nyingine ya ukutani, uwaonyeshe picha ya parokia yao au ya kijiji alikozaliwa mwenye jubilei.

Hatua ya 7: Mali kauli kwa maandishi

Hoteli, migahawa na saluni zina kuta na zina watu wanaosubiri. Weka picha zako huko kwa mali kauli, lakini kila picha iandikwe: jina, bei, tarehe, asilimia ya mwenye ukuta, na siku ya kuhesabiana. Pande zote zitie saini. Pita kila mwezi, futa vumbi kwenye kioo na ubadilishe isiyouzika. Picha isiyotembelewa hugeuka kuwa mali ya nyumba.

Hatua ya 8: Linda jina, fundisha watoto

Jisajili Baraza la Sanaa la Taifa. Tia saini kila picha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo anayenunua picha amenunua karatasi ile moja. Haki ya kuchapa kadi na kalenda ni yako mpaka uiuze kando. Skani kila kazi kabla haijaondoka, utengeneze kadi ndogo za bei nafuu. Halmashauri nazo zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Unda kikundi, uandike andiko, uombe.

Na Jumamosi fundisha watoto, Muleba mjini au Bukoba, kwa ada ndogo inayolipwa kabla ya kipindi. Kahawa, maji, brashi moja. Ada hiyo ndiyo itakayokubeba miezi ambayo hakuna harusi, na miongoni mwa watoto hao wamo wanunuzi wako wa kesho.

Uchoraji wa rangi za maji unaweza kumlisha mtu Kagera, na utamlisha anayeufanya kuwa kazi yenye daftari, bei na tarehe. Nyumba za wazee wetu zinazidi kupungua, na wanaozikumbuka wanazeeka. Basi wiki hii mfuate mzee wenu mwenye umri mkubwa kuliko wote, mwulize mlango wa msonge wa baba yake ulitazama wapi, uuchore. Nakala ya kwanza mpe yeye bure. Ya pili, iuze.